Mpwa Wangu na Shule za Nchi Mbili

Kazi yangu ni kuandika watu. Mtoto akizaliwa, mzee akifariki, karatasi yake yapita juu ya meza yangu hapa Embu, nami naitazama kama ina sahihi na muhuri, kisha naipeleka mbele. Kila siku watu watatu au wanne nawarudisha nyumbani. "Mama, nenda ukalete kitambulisho." "Mzee, jina la hapa halilingani na la pale." Nasema kwa adabu, lakini nawarudisha, nao wametoka mbali, wengine huko Mbeere kwenye jua, na nauli wamekopa. Miaka kumi nilifanya hivyo wala usingizi wangu haukupungua.

Mwezi wa Januari 2024 nilirudishwa mimi.

Dada yangu mkubwa aliolewa Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, mwaka 2008. Shemeji alikuwa fundi wa magari, mtu mpole, ambaye hakuja Majengo hata mara moja bila mkungu wa ndizi mshare begani. Alifariki katikati ya mwaka 2023. Nduguze walimtunza dada yangu vizuri, sina neno juu yao. Lakini gereji ilikuwa ya kupanga, na baba yetu hapa amekuwa mzee wa kupikiwa. Basi shauri likakatwa kwamba dada arudi nyumbani na watoto wake watatu: binti wa miaka 14, kijana wa miaka 10, na kitinda mimba wa miaka 4.

Mimi ndiye ninayehesabiwa kuwa msomi wa nyumba, kwa kuwa nilipata elimu yangu katika sekondari ya misheni nikafanya mtihani wa KCSE mwaka 2006. Dada aliponipigia simu kuuliza habari za shule, nilimjibu bila kufikiri. "Njoo nao wote," nikamwambia. "Shule ni shule. Kule mwaka waanza Januari na huku waanza Januari. Kule Kiswahili na huku Kiswahili." Nilisema kama mtu anayehama Majengo kwenda Runyenjes. Jioni nikamweleza baba yetu jinsi nilivyopanga: kijana amemaliza darasa la nne, ataingia la tano, binti amemaliza la saba, ataingia la nane.

Baba alicheka. "La nane la wapi?" akaniuliza. "Kule hakuna la nane. Hao wangali wanasoma ile yetu ya zamani: saba, nne, mbili, kisha Chuo Kikuu. Sisi ndio tuliohama."

Akaenda chumbani, akafungua sanduku la bati, akanionyesha cheti chake cha kidato cha nne. Juu yake pameandikwa jina la Baraza la Mitihani la Afrika ya Mashariki. Mimi karani wa vyeti sikuwahi kukitazama cheti cha baba yangu mwenyewe. Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1967 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliyokwisha kuwa Tanzania. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa, na mwaka 1973 ikaunda Baraza lake la Mitihani. Kenya nayo ikaunda lake mwaka 1980. Kisha mwaka 1985 sisi tukaiacha ile miaka saba ya shule ya msingi tukaifanya minane, ndiyo 8-4-4 niliyoisoma mimi. Hata hiyo nayo imekwisha kuondolewa kidogo kidogo. Watoto wa sasa husoma miaka miwili ya chekechea, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini, mitatu ya sekondari ya juu, kisha mitatu ya chuo. Kwa hiyo katika nyumba yetu ya vyumba vitatu palikuwa na ngazi nne za elimu: ya babu, ya mjomba, ya watoto wanaotoka Moshi, na ya shule wanayoiendea. Mimi niliyetoa mashauri kwa simu nilikuwa naijua moja tu.

Kitinda mimba hakutupa taabu. Huko Tanzania darasa la awali ni mwaka mmoja, na mtoto huingia akiwa na miaka 5. Huku chekechea ni miaka miwili na huanza na miaka 4. Alikwenda, akalia siku tatu, akanyamaza.

Jambo gumu lilikuwa la binti. Septemba 2023 alifanya mtihani wa darasa la saba, na mwezi wa Novemba matokeo yakatoka, amefaulu vizuri. Desemba jina lake likatangazwa pamoja na wenzake kuingia kidato cha kwanza katika sekondari ya kutwa karibu na nyumbani kwao, ambako ada iliondolewa tangu Januari 2016. Mwaka huo huo, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, watoto wa mwisho wa 8-4-4 hapa Kenya walifanya KCPE ya mwisho, nao Januari 2024 wakaingia kidato cha kwanza. Nyuma yao hapakuwa na mtu wa ngazi ile. Waliowafuata walikuwa tayari katika ngazi mpya, wamekwisha kusoma Gredi ya 7 mwaka 2023, wanaingia Gredi ya 8, na madarasa yao yako ndani ya viwanja vya shule za msingi.

Tafadhali, msomaji, fikiri nami kidogo, maana mimi nilifikiri siku nyingi. Ningalimwingiza binti kidato cha kwanza huku, angalikaa na watu waliosoma miaka minane, mingi yake kwa Kiingereza, naye amesoma saba kwa Kiswahili. Akijikwaa, hawezi kurudia darasa, kwa sababu nyuma yake hakuna darasa. Tena huku nafasi za kidato cha kwanza wakati ule ziligawanywa kwa alama za KCPE, naye hakuwa na KCPE. Ofisini nilipouliza niliambiwa kwamba cheti cha nchi nyingine hupelekwa kwanza Baraza la Mitihani Nairobi kilinganishwe na cha hapa. Na kama ningalimwingiza Gredi ya 8, angalirudi kila asubuhi katika kiwanja cha shule ya msingi, kupanga mstari pamoja na watoto wa Gredi ya 1, baada ya kuagwa kwao Moshi kwa sherehe kwamba amemaliza shule ya msingi.

Nilimshauri dada amwache kwa shangazi yake asome huko huko mpaka kidato cha nne. Shangazi alikuwa radhi. Dada alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wewe ndiye ujuaye." Sikuyapenda maneno hayo, maana sikuwa na hakika kwamba najua. Kisha binti akachukua simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba, mama akiondoka na wadogo zangu, mimi asubuhi nitamwamkia nani?"

Nilimjibu habari za mitihani. Nilimweleza kwa urefu, kwa mpango, kama nieleweshavyo watu dirishani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Haya, Mjomba," akarudisha simu.

Walifika Majengo mwanzoni mwa Januari, dada na watoto wawili, kwa njia ya Arusha, Namanga na Nairobi, kisha matatu ya kupita Mwea. Kijana alishuka ameshika mfuko wa madaftari yake. Nilimwambia kwa mzaha kwamba huku tuna madaftari. Akasema, "Haya yamejaa, Mjomba, ndiyo sababu nimeyaleta." Baadaye nikaona alikuwa na akili kutupita sote.

Siku ya kwanza nilivaa tai nikaongozana na dada mpaka shuleni. Mtoto alikuwa na cheti cha kuzaliwa cha Tanzania na ripoti ya darasa la nne. Barua ya uhamisho hakuwa nayo. Walifunga safari wakati wa likizo, shule imefungwa, na hakuna aliyemwambia dada kwamba kule kila mwanafunzi ana nambari yake katika orodha ya Baraza la Mitihani, na kwamba uhamisho hupitia nambari hiyo. Mimi nilipaswa kumwambia, kwa kuwa karatasi ndizo kazi yangu. Mwalimu Mkuu akasema hawezi kumpokea mtoto asiye na barua ya shule aliyotoka.

Nikaanza kumtolea sheria. Nilimwambia kwamba kwa Ibara ya 14 ya Katiba ya mwaka 2010 mtoto huyu ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa, popote alipozaliwa, kwa kuwa mama yake ni Mkenya. Kwamba zamani mama hakuweza kumpa uraia mtoto aliyezaliwa nje, ila baba tu, na sasa anaweza. Na kwamba kwa Ibara ya 53 kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi bila malipo, tena ya lazima. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Bwana Karani, mwaka juzi nilikuja kwako kuandikisha kifo cha mama yangu. Uliniambia nirudi kesho yake kwa ajili ya muhuri mmoja. Nawe ulikuwa na haki."

Sikumkumbuka. Tukarudi nyumbani.

Mwalimu wa Moshi, Mungu ambariki, aliandika barua siku ile ile tulipompigia simu. Akatutumia picha yake kwa simu, na yenyewe akampa kondakta wa basi la Nairobi, nami nikaifuata stendi. Siku ya tano tukasimama tena mbele ya meza ile. Sasa yakaja majaribio.

Kijana alipewa karatasi ya hesabu yenye maswali 20, yote kwa Kiingereza. Lazima nieleze hapa kwamba Tanzania, tangu mwaka 1967, shule ya msingi ya serikali husomwa kwa Kiswahili, hesabu, sayansi na yote. Kiingereza kwake kilikuwa somo moja tu, alilolianza darasa la tatu. Huku kwetu madarasa ya chini hufundishwa kwa lugha ya mahali au kwa Kiswahili, lakini kuanzia Gredi ya 4 ni Kiingereza, isipokuwa saa ya Kiswahili chenyewe. Baada ya nusu saa mtoto alirudisha karatasi amejibu maswali 6, yale yenye tarakimu tupu. Mengine aliyaacha meupe.

"Huyu aanze Gredi ya 3," akasema Mwalimu Mkuu.

Dada akainama. Ripoti iliyokuwa mkononi mwake yasema kijana alikuwa wa 4 kati ya watoto 87. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake, maana neno la Kiingereza la "tatu" alilijua.

Nikaomba nimsomee maswali yale yale kwa Kiswahili. Mwalimu akakubali, nadhani kwa sababu ya kutaka tuondoke. Nikaanza: mkulima ana miche 1,250 ya kahawa, ataka kuipanda katika mistari 25 iliyo sawa, kila mstari utakuwa na miche mingapi? "Hamsini," akasema, mdomo wangu ungali wazi. Tukaenda hivyo mpaka swali la tisa, lililohusu sehemu, nami nikakwama. Namba ya juu ya sehemu yaitwaje kwa Kiswahili? Na ya chini? Nilisoma hayo yote kwa Kiingereza, na tangu hapo sikuwa na haja ya kuyataja. Nikaanza kuonyesha kwa vidole.

"Mjomba anasema kiasi na asili?" akauliza kijana, kwa upole, kana kwamba mimi ndiye ninayejaribiwa.

Swali la kumi na mbili akalitambua mwenyewe kwa umbo lake, akasema, "Hii ni KDS." Mwalimu Mkuu akauliza KDS ni nini. "Kigawe Kidogo cha Shirika," akajibu, akatoa daftari katika mfuko wake, akafungua ukurasa, akamwonyesha hesabu za namna ile zilizosahihishwa kwa wino mwekundu. Ndipo Mwalimu alipolichukua daftari. Alifungua la pili, na la tatu. Hakusema neno kwa muda. Kijana alipata 17 katika 20, na Mwalimu Mkuu akamwandika Gredi ya 5. Akaniambia, "Nampokea. Lakini ujue, mtihani wa nchi hautamsomea kwa Kiswahili."

Sikumlaumu. Siku ya mtihani yeye ndiye anayeulizwa, si mimi.

Basi usiku ule nilinunua daftari la kurasa 96 nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto kijana aliandika neno alilokuja nalo, upande wa kulia nikaandika jina lake la Kiingereza. Mzingo. Eneo. Pembetatu. Kipenyo na nusu kipenyo. Wastani. Kisha sayansi: mvuke, kani, usanisinuru, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Maneno kumi kila usiku baada ya kula, na Jumapili ishirini. Mimi nilidhani namfundisha. Ukweli ni kwamba mengi ya upande wa kushoto sikuyajua, na nusu kipenyo niliisikia kwake mara ya kwanza, mimi niliyezaliwa Majengo penye sifa ya kusema Kiswahili. Baba yetu alikuwa akikaa mlangoni akisikiliza, na mara kwa mara akituambia neno lao la zamani ambalo halikuwa la kushoto wala la kulia.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo hayakuandikwa katika daftari. Wiki ya pili mwalimu wake wa hesabu alimwita mbele kwa kuwa amekosea. Mtoto akaja, akanyosha mkono, kiganja juu, akafumba macho. Mwalimu hakuelewa kwa dakika nzima. Alipoelewa akaniita, akanieleza huku macho yake yamelowa. Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001. Nakumbuka vizuri, maana nilikuwa darasa la saba, na fimbo ya mwalimu wetu haikuwa imesoma tangazo lile. Tanzania sheria bado yaviruhusu kwa kiasi, kwa idhini ya mkuu wa shule. Nilimwambia kijana kwamba huku mkono haunyoshwi. Aliuliza, "Sasa nikikosa wanafanyaje?" Nikamwambia atasahihishwa. Alifikiri kidogo, akasema hilo laonekana kuwa refu zaidi.

Na kama mtu angaliniuliza somo gani halitamsumbua, ningalijibu Kiswahili. Wenzake walimwita Redio kwa jinsi alivyosema, na walicheka kila alipomwambia mwalimu "Shikamoo". Mtihani wa kwanza wa Kiswahili alipata 61, na mtoto wa jirani asemaye "kitabu yangu" alipata 78. Sababu yake ni ngeli. Huku watoto hufundishwa kutaja ngeli kwa majina, A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, na kuzipanga katika jedwali. Mpwa wangu alizitumia zote bila kosa tangu alipoanza kusema, lakini hakujua kwamba zina majina. Tena aliandika "kompyuta", mwalimu akasahihisha "tarakilishi". Akaandika "simu ya mkononi", akasahihishiwa "rununu". Mimi sioni dhambi katika neno kompyuta, na katika ofisi yetu sijasikia mtu akiita ile mashine tarakilishi. Lakini nilimwambia ajifunze ngeli, kwa kuwa mwenye kutoa alama ni mwalimu. Alizijua kwa wiki mbili.

Mwisho wa muhula ripoti ikaja. Dada aliifungua, akaisoma, akaigeuza nyuma. "Amekuwa wa ngapi?" akaniuliza. Nikamweleza kwamba mtaala wa sasa hauwapangi watoto wa kwanza mpaka wa mwisho. Huwaweka katika daraja nne, waliozidi matarajio, waliofikia, wanaokaribia, na walio chini yake. "Matarajio ya nani?" akauliza. Kwa swali hilo sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Kijana alikuwa anakaribia matarajio katika masomo mengi, ameyafikia katika hesabu. Dada aliibandika ripoti ukutani kando ya ile ya Moshi yenye "4 kati ya 87", akazitazama zote mbili kama mtu mwenye saa mbili zisizolingana.

Kazi za nyumbani nazo zilimshangaza. Kule mtoto huleta hesabu za kufanya. Huku siku nyingine huleta agizo la kutengeneza kitu. Jioni moja, saa tatu usiku, kijana alikumbuka kwamba kesho anatakiwa kupeleka sanamu ya kutishia ndege. Tukatafuta fito, majani makavu na shati kuukuu. Shati kuukuu lililokuwa karibu lilikuwa la gereji, la marehemu. Dada alilishika kidogo, akalirudisha sandukuni, akaja kuchukua langu.

Wasomaji walio Namanga, Taveta au Isebania, na makarani wenzangu mnaohamishiwa ng'ambo ya mpaka au mnaopokea ndugu kutoka huko, niwaambie tuliyoyapata kwa taabu. Barua ya uhamisho ichukuliwe kabla shule haijafungwa, maana mwalimu aliye likizoni si wote watakaofanya kama yule wa Moshi. Cheti cha kuzaliwa kiwe mkononi, si katika mizigo. Na madaftari ya mtoto msiyatupe hata kama yamejaa, kwa kuwa ripoti ya nchi nyingine haisomeki upesi, lakini hesabu iliyosahihishwa kwa wino mwekundu kila mwalimu huisoma. Habari nyingine ni kwamba ngazi zenyewe zaelekea kukaribiana tena. Sera ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma Januari 2025, imeamua shule ya msingi iwe ya miaka sita, kama yetu ya sasa. Baba yetu aliposikia hayo alisema kwamba amechoka kuhesabu.

Mwaka 2025 kijana alikuwa Gredi ya 6, akafanya tathmini ya kumaliza shule ya msingi pamoja na wenzake. Alama zake zinahifadhiwa: 20 katika 100 zitahesabiwa katika matokeo yake ya Gredi ya 9, 20 nyingine ni za kazi anazopimwa na walimu katika Gredi ya 7 na ya 8, na 60 ni za mtihani wenyewe. Hakuna anayemwita Redio tena. Sasa anasema kama watoto wa Majengo, jambo ambalo mama yake halipendi.

Desemba hiyo binti alikuja kwa likizo. Alikuwa amemaliza kidato cha pili na mtihani wake wa taifa, amerefuka, anavaa miwani. Kule nako Kiingereza kilimkuta mlangoni mwa kidato cha kwanza, kwa maana sekondari za Tanzania husomeshwa kwa Kiingereza. Mwaka ule ule wa 2024 alioteseka nacho mdogo wake hapa, yeye aliteseka nacho kule, bila daftari na bila mjomba. Alilikuta lile daftari juu ya kabati. Alilisoma kurasa zote, kisha akaomba karatasi, akaanza kunakili.

Usiku mmoja wengine walipolala aliniuliza, "Mjomba, ungalinileta wakati ule, sasa ningalikuwa darasa gani?"

Nikachukua penseli, nikamchorea. Kidato cha kwanza 2024, cha pili 2025, cha tatu 2026, na mwaka 2027 KCSE ya mwisho. Nikachora na upande wake: kidato cha kwanza 2024, cha pili 2025, cha tatu 2026, na mwaka 2027 mtihani wa kidato cha nne. Mistari ilikwenda sambamba mpaka chini ya karatasi.

"Mahali pale pale," nikamwambia.

Alitazama mchoro muda kidogo. "Ila ningalikuwa hapa," akasema.

Tarehe 3 Januari nilimsindikiza mpaka stendi. Nilimwambia achukue daftari lenyewe aache ile nakala yake, kwa kuwa mdogo wake amekwisha kulimaliza. Akalitia katika mkoba, chini ya sweta, akapanda matatu ya Nairobi.